Kupiga picha Daraja la Tanzanite: Coco, Aga Khan, Salender au juu yake?

Daraja la Tanzanite, jijini Dar es Salaam, lina urefu wa kilomita 1.03, na shida ya mpiga picha inaanzia hapo. Ukilisogelea ufukweni haliingii lote kwenye picha. Ukirudi nyuma mpaka liingie lote, linabaki uzi mwembamba kati ya maji na anga. Kamera kuu ya simu nyingi huona kwa upana sawa na lenzi ya milimita 24 hadi 26 (namba ikipungua, picha inakuwa pana zaidi). Kwa milimita 24 unahitaji kusimama takribani mita 690 kutoka katikati ya daraja, ukilitazama ubavuni, ndipo ncha zote mbili ziingie. Kwa lenzi ya milimita 50 umbali huo unapita kilomita 1.4. Kwa hiyo kila mahali pa kusimama panakulazimisha kuacha kitu: ama urefu wa daraja, ama nyaya zake, ama mji ulio nyuma yake. Chagua kwanza unachokubali kukiacha.

Umbo lake nalo linawachanganya wengi, kwa sababu huja na Golden Gate kichwani: minara mirefu, kebo nene iliyolegea kama kamba ya kuanikia nguo, na vyuma vinavyoshuka wima kushika barabara. Lile la San Francisco, lililofunguliwa 1937, ni daraja la kuning'inia. La kwetu ni aina nyingine. Nyaya zake zimenyooka, zinatoka mnarani moja kwa moja hadi kwenye sakafu ya barabara, na minara yenyewe ni mifupi ukilinganisha na urefu wa daraja. Maana yake kwa picha ni kwamba ile mbinu ya kusimama mbali na kusubiri mkunjo mkubwa wa kebo haifanyi kazi hapa. Uzuri wa Tanzanite uko kwenye mistari ya mshazari inayojirudia, mnara baada ya mnara, na mistari hiyo hujitokeza unapoliangalia daraja kwa mshazari, kutokea karibu na ncha yake, si ubavu kamili. Kwa milimita 100 hadi 200 kutoka upande mmoja wa daraja, minara inasogeleana na nyaya zinapandana kama mbavu za ngalawa inayoundwa. Picha hiyo haionyeshi kilomita nzima, lakini ndiyo inayomfanya mtu aone kuwa hili ni daraja la nyaya.

Bavu mbili, na jua

Daraja limekatiza mdomo wa mto Msimbazi, kutoka upande wa Hospitali ya Aga Khan na Barabara ya Barack Obama hadi upande wa Oysterbay na ufukwe wa Coco. Lina ubavu wa bahari, unaotazama mashariki, na ubavu wa mto, unaotazama lilipo daraja la zamani la Salender. Asubuhi jua linapiga ubavu wa bahari. Jioni linapiga ubavu wa mto. Ukikumbuka hilo peke yake umeshajiepusha na nusu ya safari za bure, maana watu wengi huenda Coco jioni kwa sababu ndiyo saa ya Coco, wakalikuta daraja jeusi lililolala kwenye kivuli chake, kisha wakalaumu simu.

Dar jua huchomoza kati ya saa 12 kasoro dakika tano na saa 12:35 asubuhi, kutegemea mwezi wa mwaka, na huzama kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni. Mwezi Juni na Julai linachomoza likiwa limeegemea kaskazini na kuzama likiwa limeegemea kaskazini hivyo hivyo. Desemba na Januari linaegemea kusini. Tofauti kati ya misimu hiyo miwili ni nyuzi kama 47 kwenye upeo wa macho, kiasi cha kulihamisha jua kutoka ncha moja ya daraja hadi nyingine. Picha uliyoiona mtandaoni ya Juni huwezi kuirudia Desemba ukiwa umesimama pale pale.

Giza la huku kwetu halina subira. Tangu jua kuzama hadi samawati ya anga kuisha ni nusu saa tu, na sehemu yenye thamani, ambapo anga na taa zina nguvu sawa, ni kati ya dakika ya 12 na ya 25 baada ya jua kuzama. Miezi mingi, ukifika saa 1 jioni umechelewa.

Maji: angalia tarehe ya mwezi mwandamo

Hapa ndipo picha nyingi za daraja hili zinapopona au kuharibika, na ni jambo ambalo mvuvi yeyote wa Msasani analijua bila simu. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa Dar hupita mita tatu. Mdomo wa Msimbazi hauna kina. Maji yakipwa, sehemu kubwa ya mbele ya picha yako inakuwa tope, mchanga wa kijivu, matawi na chupa za plastiki. Yakijaa, sehemu ile ile inakuwa kioo.

Mpangilio wa pwani yetu ni huu. Siku za mwezi mpya na mwezi mpevu, maji hujaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa kabisa saa 4 hadi 5, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata, saa hizo zinasogea mbele kwa dakika kama 50. Hivyo ukitaka maji yamejaa jua likizama, au likichomoza, lenga tarehe 2 au 3 ya mwezi mwandamo, au tarehe 16 au 17. Siku hizo bamvua bado ina nguvu na kujaa kwake kumesogea hadi karibu na saa 12. Ukienda tarehe 9 au 10, au 23 au 24, jioni utakuta maji yamepwa. Hayo ni maji mafu, hayaendi mbali sana, lakini upande wa mto tope litaonekana. Thibitisha kwa jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam kabla ya kutoka nyumbani, kwa sababu upepo na mvua husogeza mambo kidogo.

Masika, kati ya Machi na Mei, mto hushusha maji ya rangi ya chai ya maziwa na taka za jiji zima. Upande wa bahari unaweza kuona mstari kabisa pale maji ya kahawia yanapokutana na ya kijani. Kwa mpiga picha wa habari hiyo ni picha yenye uzito wake. Kwa anayetaka maji ya buluu, asubiri.

Upande wa Coco na Oysterbay

Hapa unatazama kusini. Nyuma ya daraja na kushoto kwake kuna maghorofa ya Upanga na Posta, na hiyo ndiyo sababu pekee, lakini kubwa, ya kuchagua hapa. Hakuna sehemu nyingine ya ardhini inayokupa daraja na mji kwenye fremu moja kwa urahisi huu. Anayetaka picha ambayo mtu aliyeko Mbeya au Muscat ataitazama mara moja na kusema "hii Dar", aje hapa.

Saa nzuri ni mbili. Asubuhi, hasa kati ya Mei na Agosti, jua linatoka kushoto kwako na kuupaka ubavu wa bahari kwa pembeni, hivyo nyaya zinapata upande wa mwanga na upande wa kivuli na kuonekana duara, si bapa. Desemba jua linasogea mbele yako na kuingia kwenye lenzi. Kinga lenzi kwa kofia yake au kwa kiganja, la sivyo picha itakuwa na utando mweupe. Saa ya pili ni zile dakika 12 hadi 25 baada ya machweo, taa za maghorofa zikiwa zimewaka. Kati ya saa 3 asubuhi na saa 10 jioni usihangaike. Joto la juu ya maji hufanya daraja lionekane linacheza, na kadiri lenzi ilivyo ndefu ndivyo linavyocheza zaidi. Watu hudhani fokasi imekosea.

Kasoro ya hapa ni mchanga na chumvi. Tripodi iliyosimamishwa kwenye mchanga uliolowa huzama kidogo kila wimbi linapofika. Tazama miguu yako mwenyewe: nyayo ulizoacha zinajaa maji na kingo zake zinabomoka ndani ya sekunde chache, na mguu wa tripodi unafanyiwa hivyo hivyo ukiwa katikati ya picha ya sekunde 8. Isukume tripodi chini kwa mkono mpaka igome, subiri mawimbi mawili yapite, ndipo ubonyeze. Usirefushe sehemu nyembamba za chini kabisa, maana mchanga ukiingia kwenye viungo vyake vitakwaruza milele. Ukifika nyumbani, osha miguu ya tripodi kwa maji baridi ya bomba siku hiyo hiyo.

Chumvi ni tatizo la polepole. Kipindi cha kaskazi, Desemba hadi Machi, upepo unatoka baharini moja kwa moja na unabeba ukungu wa chumvi. Baada ya dakika 20 kioo cha lenzi kinapata vidoa vidogo visivyoonekana mchana, ila taa za daraja zikiwaka kila taa inapata kivimbe cha mwanga. Usikisugue kikiwa kikavu kwa fulana. Chembe ya chumvi iliyokauka ni ngumu na ina kona. Puliza kwanza kwa pampu ya mkono, kisha pumulia kioo kipate unyevu, ndipo ufute kwa kitambaa laini kwa mzunguko kutoka katikati kwenda nje.

Upande wa Aga Khan

Kutoka ukingo wa bahari wa Barabara ya Barack Obama unatazama kaskazini-magharibi. Nyuma ya daraja kuna miti ya Oysterbay na majengo machache, hivyo daraja linabaki peke yake dhidi ya anga. Kwa macho yangu hii ndiyo sehemu safi zaidi kwa picha za asubuhi. Jua liko nyuma yako au kuliani kwako mwaka mzima, kwa hiyo huna vita nalo, na ukuta wa zege wa kuzuia mawimbi unakupa sehemu ngumu ya kuweka tripodi. Ukiwa na simu, iegemeze juu ya ukuta, weka kipima muda cha sekunde 2, na picha ya hali ya usiku itatoka kali kuliko ya kushika mkononi.

Ukilinganisha na Coco, hapa unapoteza mji lakini unapata mistari. Sogea karibu na daraja linapoanzia, tumia milimita 70 hadi 135, na uache mnara wa karibu ujaze theluthi moja ya fremu, mingine ikipungua kuelekea Oysterbay. Juni na Julai kuna zawadi ya ziada: jua linazama kaskazini-magharibi, hivyo kwa lenzi pana ya milimita 24 unalipata likishuka kushoto kwa daraja, upande wa Kinondoni, na nyaya zinakuwa kivuli cheusi. Pimia mwanga kwenye anga pembeni mwa jua, sio kwenye daraja. Kwenye simu, gusa anga, kisha telezesha kidole chini mpaka rangi ya chungwa irudi.

Tahadhari moja. Ukiifuata barabara hii kuelekea Magogoni unakaribia Ikulu. Kamera ibaki imeelekea darajani, na ukimaliza iingie kwenye begi. Mlinzi akikufuata, msalimie kwanza, mwonyeshe picha ulizopiga na utii akikuambia uondoke. Ukianza kumfundisha sheria pale barabarani, utapoteza jioni nzima.

Daraja la zamani la Salender

Daraja la kwanza mahali hapa lilijengwa 1929 na kupewa jina la John Einar Selander, mkurugenzi wa kwanza wa ujenzi wa Tanganyika. Ulimi wa Dar ukaligeuza Salender, au Salenda, na likabaki hivyo. Wanaopenda historia hulipita bila kulitazama kwa sababu halina minara wala nyaya. Lakini kama ningelazimika kuchagua jioni moja tu ya kupiga picha Tanzanite, ningechagua kusimama Salender.

Sababu ni mwanga. Saa 11 jioni jua liko mgongoni mwako, juu ya bonde la Msimbazi, na linaupiga ubavu wa mto uso kwa uso. Mikoko iliyo pembezoni inakuwa ya kijani kibichi, daraja linang'aa, na bahari nyuma yake inabaki nzito na ya buluu. Jua likishazama mambo yanakuwa mazuri zaidi. Mashariki, juu ya bahari, kunapanda utepe wa waridi, na chini yake utepe wa buluu ya majivu ambao ni kivuli cha dunia yenyewe. Daraja linakaa katikati ya tepe hizo mbili kwa dakika kama kumi. Ukiwa Coco au Aga Khan unaliona jambo hilo pembeni tu. Hapa liko mbele yako.

Na kuna mwezi. Tarehe 14 ya mwezi mwandamo mwezi huchomoza jua likiwa bado halijazama au linakaribia kuzama, kutokea baharini, nyuma ya Tanzanite. Siku moja kabla ya mwezi mpevu ndiyo bora, kwa kuwa unachomoza mapema kwa kama dakika 50 na anga bado ina mwanga. Mwezi hauwi doa jeupe lililoungua, na daraja haliwi giza. Mwezi mpevu hukaa kinyume na jua: Juni unachomoza umeegemea kusini, yaani upande wa Aga Khan, Desemba umeegemea upande wa Oysterbay. Tumia milimita 200 au zaidi, f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi), ISO 200 hadi 400 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), na shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga, isizidi sekunde moja, kwa sababu kwa lenzi hiyo mwezi unasogea na kuwa yai. Simu haifai kwa picha hii. Mwezi utatoka kama taa ya bodaboda iliyo mbali.

Hasara za Salender ni za kweli na inabidi uzipime. Barabara ya Ali Hassan Mwinyi haina usiku wala mchana, imo kwenye mradi wa mwendokasi awamu ya nne, na hali ya njia ya watembea kwa miguu inabadilika, kwa hiyo pita mchana kwanza uione. Unatakiwa kuwa upande wa bahari, ambao ni upande wa magari yanayoingia mjini. Ukija na daladala au bajaji kutoka Morocco au Namanga utashuka upande sahihi. Ukitoka Posta utashushwa upande wa pili, na kuvuka pale katikati ni kujitafutia msiba. Kuna kituo cha polisi na ubalozi wa Ufaransa jirani. Lenzi isielekee huko hata kwa bahati mbaya. Maji yakipwa, harufu ya tope la mikoko haivumiliki kwa wengine. Na usiende peke yako na begi la kamera giza likiingia. Mtu wa pili hana kazi nyingine ila kutazama nyuma yako wakati jicho lako liko kwenye kamera.

Kwa sababu ya mikoko na kingo za mto, usitegemee kuona kilomita yote kutoka hapa. Chagua minara miwili au mitatu iliyo wazi na uipige vizuri.

Juu ya daraja lenyewe

Kuna njia za miguu, na asubuhi zinajaa wakimbiaji. Magari hayaruhusiwi kusimama juu ya daraja, kwa hiyo acha gari au bajaji upande mmoja, uingie kwa miguu. Hapa unapoteza umbo la daraja kabisa, lakini unapata kile ambacho sehemu nyingine zote hazina: ukaribu. Nenda hadi pale waya mmoja unapoingia kwenye sakafu ya daraja. Kutoka Coco ulionekana mwembamba kama uzi wa mshono. Hapa unajaza mkono. Asubuhi mapema umande wa chumvi unatelemka juu ya ganda lake na kukusanyika kama machozi pale chini unapokita. Lenzi ya milimita 35 au kamera kuu ya simu inatosha. Simama chini ya mnara, inua kamera, na uache nyaya zifunguke kama upepeo.

Linalowashinda watu hapa ni picha za usiku za mistari ya taa za magari. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linapita mita 14 kila sekunde, kwa hiyo sekunde 20 zinakupa mstari wa mita 280 hivi, na hiyo inatosha kujaza picha inayotazama kando ya barabara. Ila daraja linatikisika lori likipita, na mtikisiko ni mkubwa katikati ya nafasi kati ya nguzo mbili kuliko karibu na mnara. Kama picha zako za sekunde 20 zinatoka na ukungu hata kwa tripodi nzuri, umesimama mahali pabaya. Sogea hadi karibu na mnara, ning'iniza begi kwenye tripodi liguse chini ili lisibembee, na piga picha nne au tano za sekunde 5 katikati ya malori, kisha ziunganishe nyumbani. Miguu ya tripodi ikunje iwe myembamba. Njia ile ni ya watu.

Mistari hiyo ya magari usiitafute ukiwa ufukweni. Ukiwa chini, kingo za daraja zinaficha taa za mbele za magari madogo, na unachopata ni madoa ya mabasi.

Ukipiga video au picha za kasi usiku, baadhi ya taa zitatoka na michirizi myeusi inayopita kwenye picha. Umeme wetu ni wa hezi 50. Weka shata kwenye 1/50 au 1/100 na michirizi itapungua au kuisha.

Kosa moja dogo linaloharibu mwanzo wa jioni popote utakaposimama: unatoka kwenye gari lenye kiyoyozi, unafungua begi, na lenzi inajaa ukungu mara moja. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi na kioo kina baridi. Ukiufuta unarudi. Zima kiyoyozi robo saa kabla ya kufika, au uache begi limefungwa nje kwa dakika 15 hadi 20.

Majini na angani

Kwa mashua unaweza kupata ubavu kamili wa bahari kwa umbali ule wa mita 690, jambo ambalo ardhini ni gumu. Lakini mashua inayumba: shata 1/500 au kasi zaidi, kwa hiyo ni kazi ya asubuhi yenye jua, na saa ya samawati isahau. Tripodi haina maana ndani ya mashua. Kipindi cha kusi bahari huchafuka. Patana na mzee wa chombo siku moja kabla, umwambie kwamba unataka kusimama, si kupita, maana bei na mafuta ya kusimama ni tofauti.

Ndege nyuki zinahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na eneo hili lina Ikulu na balozi jirani. Bila karatasi mkononi usiirushe.

Na Kigamboni?

Anayetaka zaidi ile sura ya Golden Gate, yenye minara inayotawala picha, aende Daraja la Nyerere, Kigamboni. Lina urefu wa mita 680 na lilifunguliwa Aprili 2016. Nalo ni la nyaya zilizonyooka, si la kuning'inia, lakini kwa kuwa ni fupi na minara yake ni mirefu zaidi ukilinganisha na urefu wake, linakaa kwenye fremu kwa urahisi: kwa milimita 24, mita 450 zinatosha. Gari linalipa tozo, mtembea kwa miguu halipi. Jioni simama upande wa Kigamboni utazame Kurasini, jua likizama nyuma ya daraja.

Linashindwa na Tanzanite kwa mambo mawili. Mandhari yake ni bandari, na bandari, matangi ya mafuta na maeneo ya jeshi si vitu vya kupigwa picha bila ruhusa, hivyo pembe zako zinabanwa sana. Pili, ni mbali na mjini kwa anayeitafuta nusu saa ya mwanga baada ya kazi. Foleni ya Barabara ya Mandela inaweza kuila yote.

Kama una jioni moja tu, na ni tarehe 14 ya mwezi mwandamo, kwa ajili ya mwezi, au 16, kwa ajili ya maji, fika Salender saa 11 na mtu wa kukusindikiza. Kama una simu tu na hutaki hofu ya barabara, fika ukuta wa Aga Khan saa 12 kasoro robo asubuhi. Coco iwekee siku ambayo maji yanajaa saa 12:30 jioni, ufike saa moja kabla, uchimbie tripodi sehemu ambayo wimbi la juu kabisa limeacha mstari wa mwani, na uhesabu dakika 12 tangu jua lilipopotea kabla ya kubonyeza picha ya kwanza: ISO 100, f/8, sekunde 4. Baada ya hapo ongeza sekunde maradufu kila dakika nne au tano, mpaka samawati iishe.